Filamu Aliyoisikia Mauza

Shule ikitoka saa nane mchana, Mauza hakuwa anabaki kucheza rede kama wenzake. Alipita moja kwa moja mitaa ya nyuma ya soko la Kariakoo, akikwepa mikokoteni na watu wenye marobota ya mitumba kichwani, mpaka dukani kwa baba yake. Lilikuwa duka dogo, wajukuu zangu, dogo kweli. Watu wawili wakisimama ndani, wa tatu lazima aache mguu mmoja barabarani. Lakini muvi zilizokuwemo humo, ungeishi miaka mia usingezimaliza. Mteja analeta flashi yake, anachagua muvi anazotaka, na baba yake Mauza, Bwana Saif, anamwekea kutoka kwenye kompyuta.

Kazi ya Mauza ilikuwa flashi. Vidude vile vinafanana kama mbegu za tikiti, na mteja akipewa ya mwenzake ni ugomvi. Kwa hiyo kila flashi iliyoingia, Mauza aliifunga uzi wenye kikaratasi cha jina la mwenyewe. Bwana Saif hakuwa mtu wa majivuno, ila jambo moja alilisema kila siku: "Mimi sichanganyi. Tangu nifungue duka hili, hakuna aliyeomba muvi hii nikampa ile."

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana shina la mambo yote liko hapa. Televisheni ya duka ilitundikwa juu ya kaunta, imeangalia barabarani, ili wapita njia wavutiwe waingie. Kiti cha Mauza kilikuwa chini yake, naye ameangalia barabarani vilevile. Muvi zote zilichezea juu ya kichwa chake, asione hata moja. Alichopata ni sauti tu, sauti ya Rogath.

Rogath ni mtafsiri wa muvi. Muvi nyingi zinatoka nchi za watu, kwa lugha tusizozijua. Yeye anasimulia kwa Kiswahili juu yake, anawasemea wazee, anawasemea watoto, anamsemea mpaka mbwa. Na Rogath hana msiba. Hata mtu akivunjika mguu kwenye muvi, yeye atatia utani, na watu waliosimama nje ya duka watacheka mpaka waegemee ukuta. Mauza naye akawa anacheka, huku anafunga nyuzi.

Darasani kwao, darasa la tano, kila mtu aliamini kwamba Mauza ameona muvi zote za dukani kwao. Wakati wa mapumziko walimzunguka. "Mauza, tupe ya jana!" Naye anawapa, anaiga sauti ya Rogath, mikono inapaa. Raha ile ilimnogea. Hakuwahi kusema kwamba hajaona kitu.

Siku moja Mwalimu Severa, mwalimu wao wa Kiswahili, aliandika ubaoni: Uhakiki wa Filamu.

"Msiogope neno," alisema. "Wewe Ila, mwenzako akikuuliza chipsi za pale kona zikoje, unamwambiaje?"

Ila ndilo jina la mwenzake aliyekaa dawati moja na Mauza. Wazazi wake wana duka la vitambaa mtaa wa pili, na mdomo wake hauna breki. "Tamu, madamu!"

"Kwa nini tamu?"

"Zimekauka vizuri. Lakini kachumbari yao, mh, imechacha."

"Na zinamfaa nani?"

"Mwenye njaa na meno, madamu."

Darasa lilicheka. Mwalimu Severa naye alicheka. "Sasa hapo Ila amefanya uhakiki. Lakini Ila, ulizila kweli?"

"Nimezila, mpaka nikaumwa tumbo."

"Basi nakuamini." Akageuka ubaoni, akawaandikia: hadithi inaanzaje, nini kimekupendeza, nini hakikukupendeza, na kwa nini, inamfaa nani. Halafu akaongeza jambo moja, akalipigia mstari. "Mwisho wa filamu msiutoboe. Mwachieni mtazamaji aufikie mwenyewe."

Kisha akawapa kazi. Jumatano ijayo watoto wa darasa la pili wangeonyeshwa filamu ukutani, kwa mashine aliyoazima kwa ndugu yake. Kila mmoja aandike uhakiki wa filamu moja inayowafaa wadogo zao. Uhakiki bora ndio ungechagua filamu.

Mauza alitaka wake uwe bora. Alikumbuka muvi iliyochezwa dukani wiki ile, ambayo Rogath aliiita Mlango wa Babu. Watu walikuwa wameicheka kuliko zote. Aliandika hivi:

"Filamu hii inaitwa Mlango wa Babu. Inamhusu msichana anayeishi na babu yake, fundi seremala. Babu ana mlango mmoja mzuri ambao hataki kuuuza. Kilichonipendeza ni utani, nilicheka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisichonipendeza ni kwamba iliisha wakati bado nataka kuiangalia. Inawafaa sana watoto wa darasa la pili."

Ila alisoma begani kwake. "We, hii umeiangalia yote?"

"Mimi nimezaliwa ndani ya muvi, Ila. Unaniuliza swali gani hilo?"

Mwalimu Severa aliusoma uhakiki ule mbele ya darasa kuwa ndio bora, kisha akamwita Mauza pembeni. "Umeandika vizuri. Nina madaftari mia na ishirini ya kusahihisha, sitapata nafasi ya kuitazama. Umeitazama mpaka mwisho?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema hapana. Neno dogo tu. Mauza akasema, "Ndiyo, mwalimu."

Bwana Saif akaiweka filamu kwenye flashi ya mwalimu, na Jumatano ikafika. Madirisha yalizibwa kwa mashuka, darasa likawa kiza. Wanafunzi wa darasa la tano walikaa kati ya wadogo ili wawasaidie. Pembeni ya Mauza alikaa mtoto anayeitwa Badria, miaka minane, mwenye pengo la meno mawili mbele.

"Dada, inachekesha?" Badria aliuliza.

"Utajikojolea kwa kucheka."

Ilianza vizuri. Babu wa kwenye filamu alikuwa na masharubu kama ufagio. Sauti ya Rogath ilinguruma, watoto wakacheka. Na Mauza, kwa mara ya kwanza, aliona uso wa msichana ambaye alikuwa ameshamwandikia uhakiki.

Kisha mvua ikanyesha kwenye filamu. Rogath akasema, "Leo kufua nguo bure!" Watoto wakacheka. Maji yakaingia mlangoni, yakapanda kitandani, yakafika kiunoni kwa yule msichana. Babu akamtupa juu ya paa. Mwenyewe akaung'ang'ania ule mlango wake, mto ukamchukua. Uso wake ulikuwa mkubwa ukutani, mdomo wazi, anaita. Na Rogath akasema, "Oya mzee, unawahi wapi? Kivukoni? Na nauli je?"

Hakuna mtoto aliyecheka. Dukani watu walikuwa wamecheka hapo hapo, na Mauza akacheka nao.

"Babu!" Badria alipiga ukelele. "Babu! Babu yangu!" Aliruka madawati, akakimbilia mlangoni, akaanguka, akainuka. Mwalimu Severa alimdaka uwanjani akiwa anakimbilia geti. Sketi ya mtoto ilikuwa imelowa. Mashine ikazimwa. Filamu ikaishia hapo, babu yuko mtoni.

Badria anatoka bonde la Msimbazi. Mvua za mwaka uliopita ziliingia nyumbani kwao alfajiri, na babu yake ndiye aliyemtoa, amembeba mabegani.

Mchana ule Mama Badria alikuja shuleni, na wazazi wengine watatu. Mwalimu mkuu alimwita Mwalimu Severa, na Mauza, aliyetumwa kurudisha mashuka, aliyasikia yote dirishani.

"Nani aliyechagua filamu hii?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Ni mimi," alisema Mwalimu Severa. "Nilipaswa kuitazama kwanza. Sikuitazama. Kosa ni langu." Hakutaja jina la mwanafunzi.

"Basi habari za filamu katika shule hii zimekwisha. Na utaniandikia maelezo."

Kule nje, wenzake walikuwa wanamsubiri. "We Mauza," Ila alisema, na safari hii hakuwa na utani, "mtu anachukuliwa na maji, wewe unaandika ulicheka mwanzo hadi mwisho? Una roho gani?"

Wote wakamtazama. Mauza angeweza kusema ukweli hapo. Lakini uongo wa kwanza ni kama mgeni, wajukuu zangu. Akishakaa anawaita ndugu zake. "Siyo ile niliyoiona mimi," alisema. "Yangu haikuwa na mafuriko. Baba... Baba atakuwa amechanganya."

Maneno yana miguu Kariakoo. Kesho yake kabla ya adhuhuri yalikuwa yamefika dukani.

Mauza alimkuta baba yake ameinamia kompyuta, na mteja amesimama akisubiri. Alikuwa anafungua mafaili moja moja. "Ipo moja tu," alikuwa anajisemea. "Mlango wa Babu ipo moja tu. Sasa nilichanganya wapi?" Alimwona binti yake. "Mwanangu, uliyoiona wewe ilikuwaje? Nielezee, niitafute."

"Sikumbuki vizuri, baba."

Bwana Saif alivua kofia yake, akajipangusa jasho. Siku ile hakusema kwamba yeye hachanganyi. Siku ya pili pia hakusema. Mteja mmoja akamtania, "Sheikh, niangalizie vizuri, usije ukaniwekea mafuriko!" Mauza alitegemea baba yake amjibu kwa maneno makali. Bwana Saif alimrudishia flashi yake tu, baada ya kuikagua mara tatu.

Badria hakuja shule Alhamisi. Hakuja Ijumaa. Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu, na Jumanne pia. Mwalimu Severa alifundisha kama kawaida, ila hakuuliza tena habari za chipsi.

Jumanne jioni, mara baada ya sala ya alasiri, Bwana Saif alifunga duka mapema. "Twende Msimbazi," alisema. "Nimemtia mtoto wa watu hofu. Siwezi kukaa hapa nauza. Naenda kuomba radhi."

"Baba, kwani lazima?"

"Mtu akikosea, anaenda kwa miguu yake."

Nyumba ya kina Badria ilikuwa chini bondeni. Ukutani, juu ya kimo cha Mauza, kulikuwa na mstari wa kahawia uliozunguka chumba kizima. Maji yalifika pale. Mzee Mohammed, babu yake Badria, alikuwa amekaa kwenye kibao, mzee mwenye mikono mipana. Badria alikuwa ameketi nyuma yake, ameshika pindo la shati lake.

"Shikamoo, babu," alisema Mauza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni. Msimshangae huyu. Hilo shati haliachii tangu Jumatano. Nikienda msalani, anasimama mlangoni."

"Anasema akienda shule, maji yatamchukua babu yake," alisema Mama Badria. Macho yake yalikuwa mekundu.

Bwana Saif alikaa mkekani. Alishika kofia yake kwa mikono miwili kama mtoto aliyeitwa ofisini. "Mzee wangu, dada yangu, nimekuja kuomba radhi. Duka ni langu, kosa ni langu. Niliombwa filamu ya watoto, nikachanganya..."

"Hakuchanganya!"

Mauza hakujua kwamba ameshasimama. "Baba hakuchanganya. Filamu ni ile ile. Mimi... mimi sikuiona. Sijawahi kuiona. Mimi nakaa chini ya televisheni. Niliisikia tu, watu wanacheka, nikaandika. Mwalimu akaniuliza, nikasema nimeiona. Halafu nikamsingizia baba."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji, magurudumu yanalia. Bwana Saif alimtazama binti yake kwa muda mrefu, na Mauza angependa apigwe kofi kuliko kutazamwa vile.

"Siku sita, Mauza," alisema taratibu. "Siku sita nafungua mafaili, nadhani nimeanza kuzeeka akili."

Mama Badria alitaka kusema neno, lakini Mzee Mohammed aliinua kiganja. Hakumgombeza Mauza. Aliuliza swali moja tu. "Sasa, mjukuu wangu, yule mzee wa kwenye mlango alipona?"

Badria aliinua kichwa nyuma ya mgongo wa babu yake. Macho yake yalimkazia Mauza, yanasubiri.

Mauza aliwatazama wote. Hakuwahi kuulizwa swali zito kama lile. "Sijui," alisema, na machozi yakamtoka. "Sijui, babu."

"Basi nenda ukajue," alisema mzee.

Walipofika dukani, Bwana Saif alifungua mlango nusu, akapanda kwenye kigoda, akaigeuza televisheni itazame ndani. Akavuta kiti cha Mauza, akakiweka mbele yake. "Kaa. Kuanzia mwanzo. Na mimi nakaa. Hii hata mimi sikuwahi kuimaliza."

Mauza aliangalia. Aliona mambo ambayo Rogath hakuyasema. Aliona jinsi yule babu wa filamu alivyompa mjukuu wake kipande kikubwa cha mkate, yeye akala kidogo. Aliona kwamba mlango ule hakutaka kuuuza kwa sababu bibi, mkewe, aliuchonga maua kabla hajafa. Maji yalipokuja, alitamani kufumba macho. Hakufumba.

Na mwisho wake, wajukuu zangu, haukuwa na maneno. Ndiyo maana hata kama Mauza angesikiliza mara kumi, asingeujua. Ilipofika pale, hata Rogath alinyamaza.

Jumatano mchana Mauza alirudi Msimbazi, peke yake. Alichuchumaa mbele ya Badria.

"Alipona," alisema.

Badria alizidi kulikaza shati la babu yake.

"Nimeona kwa macho yangu. Mlango ulielea. Ulimbeba siku mbili, mpaka ukakwama kwenye paa la soko. Yule msichana alikuwa anamtafuta. Akasikia ngo, ngo, ngo. Babu yake anagonga mlango kwa kidole, kama mtu aliyekuja kutembea. Alikuwa amekonda, masharubu yote yamelala. Msichana akamshika hivi, kwenye shati, kama wewe."

"Halafu?"

"Halafu wakaenda nyumbani. Wakajenga nyumba nyingine, kwenye kilima. Na mlango ni ule ule."

Badria alifikiri. "Mlango una tope?"

"Una tope kidogo pale chini. Hawakuliosha."

Badria alimtazama babu yake, akautazama mstari wa ukutani. Kisha akaachia pindo la shati, akaenda kunywa maji mtungini, mwenyewe.

Mzee Mohammed alilinyoosha shati lake lililokunjamana. "Mauza, njoo ukae hapa. Mimi nilikuwa kuli bandarini, kabla makontena hayajajaa. Tulikuwa tunashuka shimoni, tumboni mwa meli kabisa. Mwenye winchi, ile mashine ya kushushia mizigo, anakaa juu, na shimoni haoni. Anamtazama mtu mmoja tu, anayesimama ukingoni na kupiga ishara kwa mkono. Mkono ukishuka, mzigo unashuka. Sasa yule wa ishara asipoangalia chini, akasikia tu sisi tunacheka, akashusha mkono?"

"Mzigo utawaangukia."

"Utatuangukia. Na mwenye winchi ndiye atakayelaumiwa." Alimshika bega. "Mwalimu wako alikuwa kwenye winchi. Wewe ulikuwa mkono. Anayewaambia watu kitu ni kizuri au kibaya, wenzake wanasimama chini ya neno lake. Lazima aangalie kwanza."

Alhamisi asubuhi Mauza alienda ofisini kwa mwalimu mkuu, na baba yake nyuma yake, akayarudia yote. Kisha akayarudia darasani. Hilo la darasani lilikuwa gumu zaidi, maana waliomsikiliza ni wale wale waliokuwa wanamzunguka wakati wa mapumziko. Ila ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe muvi zote zile ulikuwa unatupigia redio!" Darasa likacheka, Mauza akainamisha kichwa. Adhabu yake ilikuwa kufagia lile darasa la filamu wiki mbili. Mwalimu mkuu alisema filamu zitarudi muhula ujao, kwa sharti kwamba mwalimu azitazame kwanza.

"Na nitazitazama," alisema Mwalimu Severa. "Kosa langu liko palepale, Mauza. Hukulibeba wewe." Kisha akampa karatasi. "Andika upya."

Uhakiki ule mpya ulibandikwa ukutani. Ulisema kwamba filamu inaanza na babu na mjukuu wake wakigawana mkate. Kwamba inapendeza kwa sababu watu wake wanapendana bila kusema. Kwamba haipendezi pale mtafsiri anapotia utani juu ya msiba. Na kwamba haiwafai watoto wadogo walioona mafuriko, labda mkubwa akae nao mpaka mwisho. Mstari wa mwisho ulikuwa huu: "Nimeitazama yote."

"Umetunza siri ya mwisho," alisema mwalimu.

"Niliutoboa kwa mtu mmoja, mwalimu."

Mwalimu Severa alitazama dirishani. Kule uwanjani, Badria alikuwa anaruka kamba na wenzake wa darasa la pili, pengo lake liko nje. "Kanuni tunaiweka ili isaidie watu," alisema. "Huyo ulimsaidia. Lakini usingeweza kumwambia mwisho ambao hukuuona."

Mchana ule kijana mmoja alisimama dukani, flashi mkononi, akaitazama televisheni, iliyokuwa imegeuzwa tena barabarani, ikinguruma juu ya kichwa cha Mauza. "Dada, hii kali?"

Watu wawili wengine nao walikuwa wanasubiri jibu. Mauza alifunga uzi wake, akakaza fundo.

"Sijaiona, kaka. Nimeisikia tu."

Bwana Saif hakuinua macho kwenye kompyuta, lakini alisema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Duka hili hatuchanganyi. Ukitaka kujua, vuta kiti, uangalie."